Rafiki yangu anataka nisaini kwamba dawa imemwagwa

Shikamoo Shangazi,

Nakusoma siku nyingi ila sikuwahi kufikiri kwamba nami nitaandika. Nasomea uuguzi, niko mwaka wa tatu. Tafadhali usitaje chochote kitakachonitambulisha, maana darasani tumebaki wachache na tunajuana hadi mwandiko.

Nina rafiki ambaye nimekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta mshipa kwa mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini, na ndiye aliyekesha na mimi nilipokuwa narudia mtihani wa famakolojia, lile somo la dawa. Kwa kichwa ananiacha mbali. Ukimuuliza dozi ya dawa yoyote anakujibu kabla hujamaliza swali.

Mwaka jana aliumia mgongo akimgeuza mgonjwa mzito, akaandikiwa tramadoli, dawa kali ya maumivu. Mgongo ulipona lakini tramadoli haikuisha. Mwanzoni alisema zinamsaidia kusimama naiti nzima. Siku hizi anameza kabla ya zamu, anameza katikati ya zamu, na akirudi bwenini anaongeza diazepamu ili apate usingizi. Na mimi hunigawia nusu kidonge nikitoka naiti, kwa sababu mchana bweni letu lina kelele. Anakozipata sikujui kote. Najua tu kwamba baadhi ni vidonge wanavyoacha wagonjwa wakiruhusiwa.

Kuna wikendi moja vidonge vilimwishia. Alishinda kitandani akipiga miayo, kamasi zinatiririka, vinyweleo vimemsimama, tumbo linaharisha, miguu haitulii. Akasema ni mafua. Jumatatu akapata vidonge vyake, na kabla ya jioni mafua yakawa yamepona.

Cha ajabu, siku tulipofundishwa kuhusu uraibu yeye ndiye aliyenyoosha mkono na kusema mateja wanajaza vitanda vya wagonjwa wa kweli. Wodini tulikuwa na kijana mwenye jipu mkononi kutokana na kujidunga. Kila akiomba dawa ya maumivu tulikuwa tunacheka, "huyo anatafuta stimu." Dawa alikuwa anapewa wa mwisho. Rafiki yangu alicheka kutuzidi wote.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Tulikuwa naiti wodi ya upasuaji. Mgonjwa aliandikiwa pethidini, sindano kali ya maumivu, miligramu 50 na ampuli ina 100. Nusu inayobaki inatakiwa imwagwe mbele ya shahidi na wote wawili wasaini daftari, na kwetu mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaruhusiwa kuwa shahidi. Sista alishamchoma mgonjwa, mara akaitwa kitanda kingine ambako mtu alikuwa amebadilika ghafla, akamwachia rafiki yangu bomba la sindano lenye mabaki. Nilipoitwa nisaini, bomba halikuwepo. "Nimeshamwaga, saini tu." Kabla sijashika kalamu sista akarudi, akadhani tumeshamaliza, akasaini yeye na kufunga daftari. Kwa hiyo jina langu halimo. Lakini tuliporudi chumbani rafiki yangu aliniambia, "Siku nyingine usisitesite hivyo, utanitia matatizoni. Mimi ningekusainia bila kuuliza."

Wiki ijayo tumepangwa naiti pamoja tena.

Shangazi, nikisema atafukuzwa, na anasomeshwa na mama yake peke yake. Nikinyamaza sijui nitakuwa nimefanya nini. Yeye si teja, ni muuguzi, anajua anachofanya na anajua kipimo. Labda mitihani ikiisha ataacha mwenyewe. Nimripoti, au nimtunzie siri? Na nikimweleza mama yake kimyakimya, je?

Ni mimi,
Niliyebanwa katikati

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia zaidi ya mara moja, na kila nikiirudia naona umebeba mizigo mitatu ukaifunga kamba moja. Kuna rafiki yako na vidonge vyake. Kuna daftari la wodini na jina lako. Halafu upo wewe mwenyewe, ambaye umejiweka pembeni kama msimuliaji tu. Swali lako ni moja: nimripoti au nimtunzie siri? Kabla hatujafika huko, niruhusu nikuguse mahali uliposema jambo kana kwamba halina mjadala.

Umeandika kwamba anajua kipimo. Nakubali anakijua, lakini tujiulize kinamkinga na nini. William Halsted, mmoja wa madaktari walioanzisha hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani, alikuwa miongoni mwa wapasuaji hodari kabisa wa zama zake. Mwaka 1884 yeye na wenzake walianza kujichoma kokeini ili waichunguze kama dawa ya ganzi. Ikamnasa. Akahangaikia kujinasua, akaishia kwenye mofini, na mofini ikaenda naye hadi uzeeni. Rafiki yake William Osler aliyaandika hayo kwa siri, na maandishi yake hayakufunguliwa hadi mwaka 1969, wote wawili wakiwa marehemu zamani. Utaniambia, mbona Halsted aliendelea kufanya kazi kubwa? Kweli aliendelea, lakini alikuwa mtu wa kujitenga na wa kutoweka kwa vipindi virefu, na alizungukwa na watu wa kumfunika. Na kwa upande wa elimu ya dawa, hakupungukiwa.

Na hicho kipimo chenyewe ni cha nani? Tramadoli hugeuzwa na ini kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi, na watu hatufanani katika ugeuzaji huo, ni jambo la kuzaliwa nalo. Dozi ileile humtuliza mmoja na kumfanya mwingine apumue kwa shida. Juu ya hapo tramadoli huweza kuleta degedege. Pethidini nayo, ikirudiwarudiwa, huacha mwilini mabaki yanayoleta degedege, na zikikutana hatari inaongezeka. Ukiziwekea diazepamu juu, kinachopungua ni pumzi, na unajua kwamba naloksoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidisha dawa kama tramadoli na pethidini, haiwezi kuiondoa diazepamu. Rafiki yako haya yote ameyafanyia mtihani na amefaulu. Ndiyo maana naona hatari ya mwanafunzi wa uuguzi ina sura yake ya pekee: anadhani yuko upande wa pili wa kitanda.

Hayo "mafua" je? Miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha, miguu isiyotulia, kisha vidonge vinarudi na yote yanakwisha siku hiyohiyo. Lau ungempokea mgonjwa wa namna hiyo wodini, ungeandika nini kwenye faili? Nadhani jina la hali ile unalijua. Mitaani wanaiita arosto. Hili linanifanya nishuku lile tumaini la kwamba mitihani ikiisha ataacha mwenyewe. Huenda ana nia kabisa ya kuacha. Lakini mwili ulioanza kudai dawa haungojei ratiba ya chuo, na kuacha ghafla diazepamu iliyozoeleka kunaweza kuleta degedege la kuua. Hata siku akikuambia "nimetupa zote leo", furahi kwa tahadhari. Anahitaji mtu wa kumshusha polepole akiwa anaangaliwa.

Sasa nije kwako, na usinichukie. Kuna sentensi umeipitisha haraka sana, ile ya nusu kidonge ukitoka naiti. Sikuiti chochote. Kuna wauguzi wengi duniani wanaotoka zamu ya usiku na usingizi hauji, na hilo ni tatizo la kweli linalostahili msaada wa kweli. Ila nataka ufanye hesabu. Nusu ya diazepamu uliyomeza asubuhi inaweza kuwa bado imo mwilini saa 48 baadaye, na ile kemikali ambayo mwili unaitengeneza kutokana nayo huweza kuchukua hadi saa 100 kupungua kwa nusu. Kwa hiyo ukimeza asubuhi baada ya asubuhi, usiku unaofuata unaingia wodini nayo, unapima dawa za watu nayo. Vilevile kidonge hicho kinakufunga mdomo. Je, sehemu ya uzito wa kusema inatoka kwenye kumpenda rafiki yako, na sehemu nyingine inatoka kwenye hofu kwamba ataulizwa nani mwingine alikuwa anapewa? Usinijibu mimi. Lakini mtu akijua hofu ipi ni ya nani, huamua vizuri zaidi. Na kama vimekuwa vya kila naiti kwa muda mrefu, usivikate kwa ubishi. Mwone daktari na umwambie ukweli.

Halafu umeniambia, "Yeye si teja, ni muuguzi." Nilisimama hapo. Yule kijana mwenye jipu mkononi, ambaye dawa ya maumivu alikuwa anapewa wa mwisho, angeweza kuwa nani kabla ya jipu? Shirika la Afya Duniani limeuweka utegemezi wa dawa kwenye orodha ya magonjwa, na nyinyi mmefundishwa hivyo darasani. Tena ni jambo linalojulikana kwamba aliyezoea dawa za jamii ya afyuni, kama mofini na pethidini, akiumwa kweli huhitaji nyingi zaidi kutulia, siyo pungufu. Yule kijana huenda alikuwa hatafuti stimu hata kidogo. Alikuwa na jipu.

Silisemi hili ili nikuaibishe. Nalisema kwa sababu rafiki yako alikuwepo. Alisikia kicheko, akacheka kuzidi wote, kwa sababu anayejificha hana budi kucheka kwa sauti. Kila mzaha uliotupwa wodini kuhusu mateja ulimpa habari ya namna mtakavyomtazama siku akisema. Basi kama unatafuta pa kuanzia panapokuhusu wewe tu na pasipohitaji ruhusa ya mtu, naona pako hapo: katika unavyowasema wagonjwa hao yeye akiwepo. Siku atakayokusikia ukimtetea mmoja wao, huenda akajua kuna mtu wa kumwambia.

Tuje kwenye daftari. Umeunganisha kusaini na kuripoti kana kwamba ni jambo moja. Hebu tuyatenganishe. Kukataa kusaini usichokiona hakumshitaki mtu yeyote. Unaweza kusema, "Nisubiri nifike ndipo umwage," ukaishia hapo, na ukalisema kwa kila mtu, hata kwa sista. Hapa sitakuficha maoni yangu: saini hiyo si zawadi ya urafiki. Inamwambia mgonjwa na mahakama kwamba macho yako yaliona. Akisema yeye angekusainia bila kuuliza, namwamini, na hilo ndilo linalonitisha.

Mgonjwa wa usiku ule, kwa ulivyoeleza, alipata dozi yake kamili. Lakini itafika siku ampuli haina mabaki na mwili unadai. Mwaka 2012 katika jimbo la New Hampshire, Marekani, iligundulika kwamba mtaalamu wa kitengo cha moyo alikuwa akiiba fentanili, dawa kali ya maumivu, ya wagonjwa. Alikuwa akijidunga, kisha anarudisha bomba likiwa na maji ya chumvi. Alikuwa na homa ya ini aina ya C. Wagonjwa zaidi ya 30 wa hospitali moja waliambukizwa, na mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 39. Sisemi rafiki yako ni yule mtu, wala atakuwa. Nasema tu kwamba katika hadithi yako kuna mtu wa tatu aliyelala na mshono tumboni, naye hana habari kwamba mnajadiliana juu yake. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi zinamtaka muuguzi achukue hatua pale mgonjwa anapohatarishwa na mfanyakazi mwenzake. Hazikutaji njia moja tu ya kuifanya hatua hiyo.

Njia ziko kadhaa, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kuanza naye mwenyewe. Chagua saa ambayo hajatoka naiti na hajameza. Usianze na neno uraibu. Anza na ulichokiona: wikendi ile, bomba lile, maneno aliyokuambia chumbani. Huenda atakana, atalia, atakutukana, au atakukumbusha usiku aliokesha na wewe ukirudia mtihani wako. Kumbuka deni hilo ni la kweli na ana haki ya kulitaja. Lakini je, deni la kukeshewa hulipwa kwa kumwacha azame? Hatari ya njia hii ni kwamba atajifunza kujificha vizuri zaidi, na hatari kubwa kuliko hiyo ni kukata tamaa. Mtu anayeona ndoto ya maisha yake inabomoka na funguo za kabati la dawa ziko karibu, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikujibu ndiyo, siri imekwisha hapohapo. Usimwache peke yake na utafute msaada usiku huohuo. Hivyohivyo ukimkuta haamki na anapumua kwa kusuasua, ita msaada kwanza, sema ukweli wote wa alichomeza, hesabu nyingine zitafuata baadaye.

Unaweza pia kumtafuta mtu wa kati kabla ya kugonga mlango wa uongozi: mshauri wa wanafunzi, mkufunzi mnayemwamini, daktari wa kliniki ya chuo. Nenda kwanza bila jina. Uliza, "Mwanafunzi akijitokeza mwenyewe na tatizo la dawa, hapa hufanyiwa nini? Na akitajwa na mwingine?" Soma na kanuni za chuo chako. Umeandika kwa uhakika kwamba atafukuzwa. Umeliona limeandikwa, au mmeambiana bwenini? Taratibu hazifanani. Katika majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, kuna mipango ambayo muuguzi mwenye tatizo la dawa hupewa matibabu na kufuatiliwa kwa muda mrefu badala ya kunyang'anywa leseni moja kwa moja. Kwingine sheria ni kali na sitakudanganya kwamba hazimgusi. Ila mahali pengi, anayejitokeza kabla ya kukamatwa husikilizwa tofauti na aliyekamatwa. Hilo ni jambo unaloweza kumpelekea yeye, na pengine ukamsindikiza.

Ukiripoti rasmi, unamwondoa karibu na kabati la dawa haraka, na unaweza kumpoteza kama rafiki, pamoja na wengine darasani watakaokuona msaliti. Ukinyamaza, unamtunza kama rafiki kwa sasa, lakini ukimya nao ni uamuzi, na siku jambo likilipuka utaulizwa ulijua lini. Siwezi kukuchagulia. Mimi sitalala chumba hicho, wala sitasimama wodini humo.

Kuhusu mama yake, moyo wako umepeleka macho kwa anayempenda zaidi, naelewa. Lakini jiulize atafanya nini na habari hiyo akiwa mbali, bila kujua tramadoli ni nini. Akimwambia tu "acha mara moja", tumeshaona hatari yake. Na rafiki yako akigundua umempita, mazungumzo yenu yatakuwa yamefungwa. Hilo ningeliacha hadi yeye mwenyewe aseme nani wa nyumbani anaweza kulipokea, au hadi maisha yake yawe hatarini.

Imebaki wiki ijayo. Unaweza kuomba ubadilishiwe zamu bila kutoa sababu, utapumua. Ila kalamu itapelekwa kwa mwanafunzi mwingine ambaye hajui anachosainishwa. Kwa hiyo kama nguvu unazo, ningependa mazungumzo yatangulie naiti hiyo, hata yakiwa mafupi, hata ukiishia kwenye moja tu: kwamba hutasaini usichokiona. Ukiona huwezi kuyafanya peke yako, mtafute yule mtu wa kati kwanza. Kisha niandikie tena, hata kama utakuwa umefanya kinyume na yote niliyoyasema hapa.

Shangazi yako